Kioo Kilichofifia Unguja: Safari ya Nasaba, Fundi na Amana

Mwambao wetu umezoea tangu zamani wasafiri wenye maandishi. Majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi yalileta tende, mazulia na vyombo vya udongo. Lakini ndani ya masanduku ya mabaharia na mashekhe mlikuwemo pia misahafu, vitabu vya fiqhi na barua za jamaa. Karatasi hizo zilivumilia chumvi, unyevu na mchwa kadiri zilivyoweza, na kila aliyejaaliwa kujua kusoma aliweza kuzifungua mchana, chini ya jua la Mwenyezi Mungu, akazisoma.

Msafiri wa leo hubeba maktaba nzima ndani ya begi moja la mgongoni. Picha za harusi, vyeti vya watoto, hesabu za madrasa, mawaidha yaliyorekodiwa na barua za miaka kumi hukaa ndani ya kompyuta mpakato yenye uzito usiofika wa mtoto mchanga. Maktaba hii, hata hivyo, ina sharti moja ambalo karatasi haikuwa nalo: haisomeki ila kwa taa yake yenyewe. Taa hiyo ikififia, mwenye maktaba hubaki nje ya mlango ilhali ufunguo anao mkononi.

Sharti hilo tulilijua vizuri zaidi katika safari ya familia yetu, likizo ya Disemba, kutoka Dar es Salaam hadi Unguja mjini na kisha Kizimkazi. Tunaisimulia hapa kwa sababu jambo lenyewe linawapata wasafiri wengi, na kwa sababu ndani yake mna masuala ya amana, dhana na kuhifadhi elimu ambayo yanazihusu nyumba zetu zote.

Azma ya safari

Tuliondoka watu watano: baba, mama, shangazi na watoto wawili. Azma yetu ilikuwa kuandika nasaba. Babu yetu wa Unguja ndiye pekee aliyebaki katika kizazi chake; umri wake umepindukia miaka themanini, na macho yake yote mawili yameingiwa na mtoto wa jicho. Lakini kumbukumbu yake, alhamdulillah, ingali hai. Anajua nani aliolewa wapi, nani alihamia bara, nani alifia baharini, na kaburi la nani liko chini ya mti gani. Uislamu haukutuhimiza kuzijua nasaba zetu ili tujifakharishe kwazo, bali ili tuujue udugu wetu na kuuunga. Asiyejua kwamba fulani ni ami yake hawezi kumtembelea anapougua wala kumrithi kwa haki anapofariki.

Kazi hiyo tulikwisha kuianza Dar es Salaam. Ndani ya kompyuta mlikuwa na mti wa ukoo wenye majina zaidi ya mia mbili, picha za barua za zamani zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na sauti za mabibi wawili ambao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Babu alikuwa ametutengea siku nne. Baada ya hapo alikuwa na miadi ya hospitali kwa ajili ya macho yake, na mtu wa umri wake hapangi mambo ya mwakani pasi na kusema in shaa Allah kwa moyo wote.

Bahari na joto lake

Boti ziendazo kasi huvuka mkondo kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi kwa takriban saa mbili. Ndani ya vyumba vya abiria kiyoyozi huvuma kwa nguvu, hata akina mama hujifunika kanga mabegani. Nje, juu ya sitaha, jua la kaskazi huchoma na hewa huwa nzito kwa unyevu wa chumvi. Mabegi hupangwa yakibebana, sanduku juu ya begi na boksi juu ya sanduku. Na boti inapokata mawimbi, mzigo wote hupanda na kushuka pamoja nayo.

Unguja hujitokeza kwanza kama mstari mweupe, kisha kama mji. Macho ya msafiri huzoea kulitafuta jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020. Inasimuliwa kuwa lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kuwashwa taa za umeme katika upande huu wa Afrika, na watu walikuwa wakija kuyatazama maajabu hayo. Tulishuka Malindi, tukapita kwenye ukaguzi, tukapokelewa na binamu zetu, na baada ya swala ya isha tukaketi sebuleni kwa Babu, Ng'ambo, tayari kuanza.

Kompyuta iliwaka. Sauti yake ya kawaida ilisikika, feni ikazunguka, lakini kioo kilibaki katika hali ya magharibi iliyokaribia usiku. Maandishi yalikuwepo, ila kama yaliyoandikwa kwa mkaa juu ya ubao mweusi. Mama alikisogeza karibu na taa ya dari, mtoto akabonyeza kitufe chenye alama ya jua, na hapakubadilika kitu. Babu, aliyekuwa akisikiliza minong'ono yetu, aliuliza, "Kuna nini, wanangu?" Tukamweleza kuwa kioo kimefifia. Akacheka taratibu, akasema, "Basi leo kimekuwa kama macho yangu. Mambo yamo ndani, kutazama ndiko kugumu."

Taa iliyo nyuma ya picha

Kauli ile ya mzee ilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Katika kompyuta mpakato nyingi, picha na mwanga ni vitu viwili tofauti. Picha hutengenezwa na tabaka jembamba la fuwele za kimiminika zilizobanwa kati ya vioo viwili. Fuwele hizo hazina mwanga wowote. Kazi yake ni kufungua na kufunga njia, kama mapazia madogo mno, ili mwanga upite au uzuiwe. Mwanga wenyewe hutoka nyuma yake, kwenye mstari wa taa ndogo za LED uliopangwa aghalabu kwenye ukingo wa chini, kisha karatasi maalumu ya plastiki huutawanya kioo kizima. Kompyuta za zamani zilitumia mrija mwembamba mfano wa taa ya tyubu, pamoja na kisanduku cha kuupandishia umeme. Vipo pia vioo vya OLED, ambamo kila nukta hujiwakia yenyewe, na hivyo havina taa ya nyuma.

Kwa hiyo kioo kinapofifia, mara nyingi picha haijafa. Ni taa iliyo nyuma yake iliyopungukiwa. Na taa hupungukiwa kwa sababu kuu mbili: ama imeamriwa ipunguze mwanga, ama umeme wake haufiki sawasawa. Sababu ya kwanza haigharimu hata senti moja kuitibu. Ya pili huenda ikagharimu kidogo, na huenda ikagharimu sana. Mwenye busara huanza na ile isiyogharimu.

Maswali kabla ya bisibisi

Usiku ule tulikaa na binamu yetu, mwalimu wa skuli, tukaipitia orodha hiyo kwa utaratibu.

Swali la kwanza lilikuwa la betri. Kompyuta inapochomolewa kwenye umeme, au betri inaposhuka sana, huingia katika hali ya kubana matumizi na kupunguza mwanga wa kioo ili ichelewe kuzima. Msafiri aliyezoea kuitumia kompyuta yake nyumbani, ikiwa imechomekwa kutwa, huenda asiijue hali hiyo mpaka siku ya safari. Tuliichomeka kwa chaja yake yenyewe. Jambo hilo la chaja yake yenyewe lina maana, kwa sababu baadhi ya kompyuta zikipewa chaja ya kuazima yenye nguvu ndogo huitambua na kujibana, na mwanga wa kioo huwa miongoni mwa vinavyopunguzwa. Hapakuwa na mabadiliko.

Swali la pili lilikuwa la vitufe na mipangilio. Alama ya jua kubwa na jua dogo kwenye kibodi huongeza na kupunguza mwanga, na ni rahisi kuguswa wakati kompyuta inapochukuliwa huku na kule. Aidha zipo kompyuta zenye kihisi kidogo juu ya kioo, karibu na kamera, kinachopima mwanga wa chumba na kurekebisha kioo kwa kujiamulia. Kihisi hicho kikifunikwa na vumbi, au na kibandiko alichoweka mtoto, hudhani kuwa chumba ni giza na hupunguza mwanga ipasavyo. Tulikifuta kwa kitambaa laini, tukaizima kazi ya kujirekebisha, tukapandisha mwanga hadi mwisho. Hali ikabaki vilevile.

Swali la tatu ndilo lililotupa mwelekeo. Tuliizima kabisa kompyuta, tukaiwasha tena, na tukakitazama kioo katika zile sekunde za mwanzo ambapo hutokea alama ya mtengenezaji tu, kabla mfumo wa kompyuta haujaamka. Katika hatua hiyo mipangilio ya mtumiaji bado haijaanza kutawala. Kioo kikiwa ang'avu wakati huo na kufifia baadaye, kosa limo katika mipangilio, au katika programu endeshi ya kioo, ambayo wakati mwingine huvurugika baada ya masasisho. Kioo chetu kilikuwa kimefifia tangu alama ya kwanza. Hivyo tulijua kuwa tatizo limo katika kifaa chenyewe.

Swali la nne lilihitaji tochi. Tulizima taa ya sebule na kuimulika tochi ya simu kwenye kioo kwa upande, si moja kwa moja. Picha yote ikaonekana: majina, mistari ya ukoo, hata kishale. Hiyo ilikuwa dalili kwamba fuwele zinafanya kazi na taa ndiyo iliyopungukiwa. Kisha binamu alikifungua na kukifunga kifuniko pole pole. Kikiwa kimesimama wima palikuwa na giza. Kikilazwa nyuma kidogo, mwanga uliruka kwa nukta moja, kama koroboi inayoguswa na upepo, halafu ukarudi kufifia. Waya wa kioo hupita ndani ya bawaba. Mwanga unaobadilika kwa kuinamisha kifuniko humwelekeza mtu kwenye waya huo kabla ya kukituhumu kioo kizima.

Swali la tano lilikuwa la televisheni. Tuliazima waya wa HDMI kwa jirani, tukaiunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni. Mti wa ukoo ukajitokeza ukutani, mpana na ang'avu, kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote.

Hapo ndipo kheri isiyotarajiwa ilipopatikana. Tulikuwa tumekusudia kazi ya watu wawili: mmoja anauliza, mwingine anaandika. Televisheni iliwavuta watu wote wa nyumba. Watoto waliacha michezo yao, akina mama wakaja na vikombe vya chai ya tangawizi, majirani wawili wazee wakaitwa. Jina liliposomwa kwa sauti, Babu alilisahihisha akiwa ameegemea mto: "Huyo si mtoto wa Mwanakhamis, ni mtoto wa mwenza wake. Andikeni vizuri, kuna haki za watu hapo." Msichana wa miaka tisa aliliona jina lake mwenyewe chini kabisa, akafuata mstari kwa kidole hadi juu, vizazi saba, akanyamaza. Mpaka saa nne za usiku tulikuwa tumeongeza majina thelathini na moja.

Kabla ya kulala tulifanya jambo moja la mwisho: tulinakili kila kitu kwenye diski ya nje na kwenye flashi. Kioo hakikuwa kimetishia faili hata moja, lakini kifaa kinachokwenda kwa fundi hakipaswi kubeba nakala pekee ya kitu kisichoweza kupatikana tena.

Darajani

Jina la Darajani limebaki kutoka zama ambapo hapo palikuwa na daraja kweli, juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalikwisha kufukiwa, lakini watu wangali wakivuka: asubuhi humiminika kuelekea sokoni, kwenye jengo lililosimama tangu mwaka 1904, ambamo harufu ya pweza na ya karafuu hugombea pua moja. Nyuma ya soko, kuelekea Mlandege, vichochoro vimejaa maduka ya nguo, simu na vifaa vya umeme. Ndipo walipo mafundi, kila mmoja na meza yake, taa yake ya kuinama na kopo lake la skrubu.

Waunguja wana sababu ya kuthamini mafundi wa umeme na betri. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima bila umeme kutoka bara, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikapata mtihani huo tena kwa takriban miezi mitatu. Watu waliishi kwa jenereta, taa za mafuta na betri zilizochajiwa kwa zamu, na umeme uliporudi, ulikuta nyumba nyingi zikiwa na vifaa vya kutengeneza.

Fundi wa kwanza tuliyemwendea alikifungua kifuniko, akakitazama kioo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, akasema kioo kimekufa na kinahitaji kubadilishwa: shilingi laki mbili na nusu, kwa sharti la kulipa nusu kabla. Tulimweleza kuwa mwanga huruka bawaba inapoinama. Alisema ni vilevile. Tukamshukuru, tukaondoka. Hatuna haki ya kusema alikusudia kudanganya. Suratul Hujurat, katika aya yake ya 12, inatukataza kuzama katika dhana, na huenda alikuwa na kazi nyingi au amekutana na vioo vingi vilivyokufa kwa namna ile. Lakini sura hiyohiyo, katika aya ya 6, inatufundisha kuhakikisha habari kabla ya kuitenda, na mtu anayelipa laki mbili na nusu kwa habari ambayo haijahakikishwa ameliacha fundisho hilo.

Fundi wa pili alikuwa kijana mwenye kofia ya kiua, katika kibanda kisichozidi hatua nne. Alimwamkia baba, kisha akauliza kabla ya kugusa chochote: "Mzee wangu, mshaijaribu kwenye tivii?" Tulipomjibu kuwa ndiyo, na kumweleza habari ya tochi na bawaba, uso wake ulionyesha faraja ya mtu aliyepunguziwa nusu ya kazi. Mama alianza kumtajia neno la siri la kompyuta. Akainua mkono kwa adabu: "Hapana mama, sina haja nalo. Kioo kinajionyesha mapema, kabla ya kuulizwa neno la siri."

Aligeuza kompyuta, akafungua skrubu na kuzipanga kwenye sahani kwa mfuatano wake. Jambo la kwanza alilofanya ndani lilikuwa kuchomoa waya wa betri. Alitueleza sababu: mtu akigusa kiungio cha waya wa kioo wakati umeme ungalipo, cheche ndogo huweza kuunguza fyuzi ya taa ya kioo iliyo kwenye ubao, nayo ni ndogo kuliko punje ya mchele, ndipo tatizo dogo hugeuka kubwa, na mteja hulipia kosa la fundi. Kisha akatuonyesha. Kiungio cha waya kilikuwa kimechomoka upande mmoja, na karibu na bawaba gamba la waya lilikuwa limeanza kubanwa. Mizigo iliyolala juu ya begi, na mtikisiko wa mawimbi, vilitosha kulifanya hilo.

Adhana ya alasiri ilisikika wakati kompyuta ikiwa wazi mezani. Kijana alifunika kazi yake kwa kitambaa safi, akafunga mlango, tukaenda kuswali pamoja naye. Tuliporudi alisafisha kiungio kwa spiriti, akakisukuma hadi kikakaa, akakifunga kwa utepe, akaupitisha waya vizuri katika njia yake ya bawaba. Kompyuta ilipowashwa, kibanda kizima kilipata mwanga. Akakiinamisha kifuniko mara kumi, mbele na nyuma, huku akitazama. Alitutoza shilingi elfu kumi na tano.

Amana ya pande mbili

Tumetafakari sana tofauti ya meza zile mbili. Imesimuliwa katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, akakuta unyevu uliofichwa chini ya kavu, akamkemea muuzaji, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko katika mwenendo wa Waislamu. Kompyuta ni lundo ambalo mteja hawezi kuingiza mkono wake. Haoni ndani, hajui majina ya vipande, na kile anachoambiwa ndicho anachokijua. Fundi anayemwonyesha mteja kiungio kilichochomoka amemsaidia kuingiza mkono ndani ya lundo. Hiyo ni ibada, hata kama mwenyewe anaiita kazi.

Upande wa mteja nao una wajibu wake. Siku hizi kompyuta ya familia ni chumba cha ndani. Mna picha za mama na mabinti wakiwa bila hijabu katika harusi za wanawake, mna majibu ya hospitali, mna mazungumzo ya mume na mke. Kuikabidhi mezani kwa mtu usiyemjua, pamoja na neno la siri, ni kumwachia mgeni nyumba na vyumba wazi. Humtia fundi mwenyewe katika mtihani ambao hakuuomba. Sitara ya familia ni jukumu la mwenye familia kwanza. Kwa tatizo la kioo, kama tulivyofundishwa, neno la siri halihitajiki. Kwa tatizo linalolazimu fundi aingie ndani ya mfumo, picha na nyaraka za siri zihamishiwe kwenye diski kwanza, na fundi afunguliwe akaunti yake ya muda isiyo na kitu.

Tena mteja akumbuke kulipia elimu. Wapo wanaoona uchungu kutoa elfu kumi na tano kwa sababu fundi hakubadilisha kipuri chochote, ilhali wangelitoa laki mbili na nusu bila neno kwa kioo kipya. Fundi mwaminifu akikosa ujira wa kuchunguza, atafundishwa na njaa kuuza vipuri visivyohitajika. Dini yetu imehimiza mfanyakazi aharakishiwe ujira wake. Na kuchunguza nako ni kazi.

Kizimkazi: maandishi yasiyohitaji taa

Siku ya tatu tulimchukua Babu hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, kuzuru makaburi ya wazee. Hapo upo msikiti wa kale ambao ukuta wake wa kibla una maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye kutaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lenyewe limejengwa upya na kukarabatiwa katika karne zilizofuata, lakini maandishi yale yanahesabiwa miongoni mwa ya kale zaidi yanayojulikana katika mwambao wa Afrika Mashariki. Babu hakuweza kuyaona. Aliomba mkono wake upelekwe karibu na ukuta, akasimama kimya, akasoma Fatiha kuwaombea waliotangulia.

Mwandishi wa jiwe lile hakuwa na betri wala waya, na kazi yake imesomeka kwa zaidi ya miaka mia tisa. Sisi tulikuwa na majina mia mbili na zaidi yaliyokaribia kukwama kwa sababu ya kiungio chenye upana wa ukucha. Hatusemi haya kwa kuidharau kompyuta: ndiyo iliyowakusanya wajukuu mbele ya televisheni, na ndiyo iliyohifadhi sauti za mabibi ambazo jiwe lisingeweza kuzihifadhi. Tunasema kuwa elimu inayotegemea taa moja iko hatarini. Usiku wa kabla ya kuondoka tulichapisha mti wote wa ukoo kwenye karatasi katika duka la jirani, nakala sita. Moja imebaki kwa Babu, moja kwa binamu, moja imekwenda Pemba, na zilizobaki tumerudi nazo bara. Faili zenyewe ziko mahali patatu, nyumba mbalimbali.

Kwa familia zinazosafiri

Kwa faida ya wanaojiandaa na safari, iwe ya likizo, ya harusi au ya Umra, tunayafupisha haya.

Kompyuta izimwe kabisa kabla ya kufungwa begini, na isiachwe imelala usingizi. Ikae katikati ya nguo laini, upande wa kioo usielekee chaja wala kitu kigumu, na begi lake lisiwe chini ya mzigo wa wengine. Katika ndege, betri za akiba na vile vifaa vya kuchajia simu huwekwa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo unaokabidhiwa. Chaja isomwe maandishi yake: yenye kuandikwa 100 hadi 240 volti itafaa hapa kwetu, Saudi Arabia na hata Marekani, kwa kubadilisha plagi tu.

Mkifika kutoka penye baridi ya kiyoyozi na kuingia katika joto lenye unyevu, begi libaki limefungwa kwa muda, mpaka kilichomo kipate joto la chumba. Miwani inayoingia ukungu mtu anaposhuka kwenye gari lenye kiyoyozi ni mfano wa kutosha: ukungu huohuo huweza kutanda ndani ya kifaa. Kisianikwe juani wala kupulizwa hewa ya moto.

Kioo kikififia, fuateni mpangilio: umeme na chaja yake, vitufe na mipangilio, alama ya mwanzo wakati wa kuwaka, tochi kwa upande, kifuniko kuinamishwa, kisha televisheni. Yote haya yanamalizika ndani ya nusu saa, bila bisibisi. Mkienda kwa fundi baada ya hapo, mtakuwa na habari za kumweleza, na mtaweza kuyapima maneno yake. Mwombeni awaonyeshe ubovu kabla ya kuuza kipuri, kaeni naye kazi inapofanyika, na mlipeni kwa wema.

Babu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia wiki mbili baada ya sisi kuondoka. Fuwele ya jicho lake iliyoingia ukungu imeondolewa na kuwekwa nyingine safi, na habari zilizotufikia ni kwamba ameanza kuisoma nakala yake mwenyewe, kwa miwani, kila baada ya alfajiri, na tayari amekwisha kutuma masahihisho manne. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amzidishie afya, awarehemu waliotangulia, na azijaalie nyumba zetu ziwe za kuunga udugu na kutunza amana. Amin.